Nyuki wa Bwana Cheti

Nyuki waliingia kwa dirisha la sebuleni asubuhi moja ya jua kali, wakati Bwana Cheti amesimama juu ya stuli anatafuta pa kubandika cheti chake kipya. Hakuwasikia. Ukuta ulikuwa umemshinda. Kila alipoweka mkono palikuwa na kitu. Misingi ya Uongozi wa Kimkakati. Usalama wa Nyambizi. Volkano kwa Wanaoanza. Huduma ya Meno ya Farasi. Alikuwa anajiuliza kama Volkano inaweza kushuka kidogo, ikae juu ya swichi ya taa, ndipo mkewe, aliyekuwa kwenye cherehani, alipotema pini zote alizozibana midomoni, akapiga ukelele, akatoka nje mbio.

Bwana Cheti akageuka. Kundi zima lilikuwa linazunguka katikati ya sebule, jeusi, zito, kama mgeni aliyesahau namba ya nyumba. Likaizunguka cherehani. Likaizunguka feni. Likapita juu ya kichwa cha mama yake, aliyekuwa kwenye kiti chake anachambua maharage, halafu likaanza kuingia, nyuki baada ya nyuki, kwenye tundu la mviringo la ile spika kubwa ya mbao iliyokaa pembeni. Spika yenyewe ilikuwa imekufa zamani. Ilibaki pale kwa sababu ilikuwa nzito kuitupa na kwa sababu bibi huyo alipenda kuegemeza mkono juu yake.

Mama yake alikuwa mzito wa kusikia. Aliuhisi mtetemo kiganjani, akainamisha kichwa, uso ukamchangamka.

"Mmeitengeneza?" akauliza. "Afadhali. Hata sauti ni nzuri, haipigi kelele."

Haukupita muda mtaa mzima ulikuwa mlangoni. Alikuja kinyozi wa jirani, wembe mkononi, na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Akaja mwenye nyumba, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka pale, mtu mwenye tabia ya kusimama katikati ya mlango wa wapangaji wake kama komeo.

"Tuite watu wa dawa," akasema mwenye nyumba. "Wapulize, wafe, tufagie."

"Ngoja kwanza, mzee," akasema kinyozi. "Kwa nini tuhangaike? Huyu si ana cheti cha nyuki? Nimekiona kwa macho yangu. Kiko pale juu ya mlango."

Watu wakatazama juu ya mlango. Ni kweli kilikuwepo, tena na muhuri wa dhahabu: Ufugaji wa Nyuki, Kutoka Mwanzo hadi Umahiri. Kisha wote wakamtazama Bwana Cheti, ambaye alikuwa bado juu ya stuli.

Sasa, alichokumbuka Bwana Cheti kuhusu kozi ile ya mtandaoni ni kwamba mwalimu alikuwa mama mmoja mwenye kofia pana. Aliisoma kwa mwendo kasi, simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari, yeye anakula, sauti ya yule mama ikiwa nyembamba na ya haraka kama ya panya mwenye habari. Mtihani wa mwisho aliurudia, akabadilisha majibu, akaurudia tena, mpaka mtambo ukachoka ukampitisha. Ndivyo alivyozisoma zote. Tangu siku ile kiwanda cha rangi kilipomwondoa kwenye stoo kwa sababu meneja mpya alitaka kila mtu awe na karatasi, aliapa kwamba hakuna atakayemwomba karatasi tena akaikosa.

Angeweza kusema ukweli pale pale. Mdomo aliufungua kwa nia hiyo. Lakini jicho lake likaangukia kwa mkewe, aliyekuwa nyuma ya watu, uzi shingoni, na mkewe alikuwa anamtazama kwa namna ambayo hakuwa amemtazama tangu aondolewe kazini. Alikuwa anamtegemea.

"Mtu asiwaguse," Bwana Cheti akasema. "Hii ni kazi ya kitaaluma."

"Itachukua muda gani?" akauliza mwenye nyumba.

"Inategemea tathmini."

"Mimi nyumba hii nimepangisha watu watatu. Hawa ni wangapi?"

"Maelfu," akajibu Bwana Cheti, akafurahi kwamba hata hilo amelikumbuka.

"Basi mkataba umevunjika. Mwisho wa juma niwakute hawapo. Nikiwakuta, mtatoka nao pamoja."

*

Tathmini ilikuwa ni kusimama mlangoni, mikono nyuma, na kusema "mh". Mkewe aliivumilia siku ya kwanza. Alikuwa na oda ya sare za shule, sketi na mashati, na wazazi wanakuja kupimisha watoto. Akaihamishia cherehani kwenye kijia cha kuelekea jikoni, mahali ambapo akinyoosha kiwiko anagonga ukuta. Wazazi walifika, wakausikia ule mvumo, wakachungulia, wakakumbuka kwamba wana safari nyingine. Mama mmoja alimpimisha mwanawe kupitia dirishani, mtoto akiwa nje anageuzwa kama chapati kikaangoni.

"Utawatoa lini?" mkewe akauliza.

"Nakusanya data."

"Data gani? Unawatazama tu!"

"Utazamaji ni hatua."

Kesho yake, wakati mwenye nyumba alipokuja kukagua, Bwana Cheti aliona hana pa kukimbilia. Akaingia chumbani kujiandaa. Alijua kwamba mtu anayeshika nyuki huvaa kitu kinachomfunika mwili mzima, na nguo pekee aliyokuwa nayo ya aina hiyo ilikuwa joho. Joho jeusi la mahafali, zito, la sufu, lenye mikono mipana. Alimshonesha mkewe ili apige picha ya mtandaoni. Akalivaa. Akavaa na kofia yake ya mraba, kwa ajili ya kichwa. Akachukua kitambaa kibovu, akakichovya kwenye mafuta ya taa, akakiwasha, maana alikumbuka mambo ya moshi, na moshi kwa fikra zake ulikuwa moshi tu.

"Una uhakika?" mkewe akamuuliza, amejibanza kwenye kijia.

"Mke wangu, mimi nimehitimu."

Akakisogeza kitambaa kwenye tundu la spika.

Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Hata mvumo ulinyamaza. Mama yake, ambaye alikuwa amekataa katakata kuhamishwa karibu na muziki wake, alimtazama mwanawe amevaa joho anainamia spika na moto, akadhani ni adabu mpya za vijana. Kisha nyuki wakatoka. Hawakutoka mmoja mmoja kama walivyoingia. Walitoka kama maji ya bomba lililopasuka, na wote walionekana kuwa na ahadi na Bwana Cheti.

Alipita mlangoni bila kumwomba mwenye nyumba nafasi. Alishika mtaa mbio, joho linapepea nyuma, kitambaa kinachofuka moshi bado mkononi kwa kuwa alisahau kukiachia, kishada cha kofia kikimpiga machoni, na nyuma yake wingu. Muuza mboga wa kona aliona joho kabla ya kuona nyuki. Alifurahi kwa moyo wake wote.

"Hongera, baba!" akapaza sauti, akapiga vigelegele. "Hatimaye!"

Watu wawili watatu wakapiga makofi. Bwana Cheti, kwa mazoea tu, akapunga mkono. Halafu akafika pale wanapoosha magari, akajitosa kwenye pipa la maji, kofia ikabaki inaelea juu.

Mwenye nyumba alichomwa mdomo wa juu. Aliporudi kusema maneno yake, alikuwa hasemi vizuri, lakini walimwelewa. Hawakuambiwa tena mwisho wa juma. Waliambiwa Ijumaa, kabla jua halijazama. Mama mzee pekee hakuguswa. Alikuwa amejifunga shuka lake jeupe, ametulia, hana haraka na mtu.

"Mbona mwanangu katoka mbio?" akamuuliza mkwewe. "Wimbo wenyewe ndio kwanza unakolea."

*

Alasiri mkewe alimkalisha kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kumtoa miiba. Uso wa Bwana Cheti ulikuwa umevimba mpaka jicho moja limefunga duka. Mkewe alibana mwiba kwa kucha, akavuta, na kila alipovuta mumewe alisema "tsss" kama pasi ya mkaa iliyomwagiwa maji.

"Nikuulize kitu," mkewe akasema. "Na usinijibu kitaaluma. Ile kozi uliisoma?"

"Niliimaliza."

"Sikukuuliza kama uliimaliza."

Bwana Cheti akajifuta jicho lililovimba. Upande wa pili wa ukuta, mashine ya kinyozi ikanyamaza.

"Nilikuwa nakula," akasema hatimaye. "Niliiweka ikawa inakwenda. Maswali nilikuwa nabahatisha."

"Na nyambizi?"

"Hivyo hivyo."

"Na farasi?"

"Farasi nililala."

Mkewe akauweka mwiba kwenye kisahani pamoja na wenzake. Bwana Cheti alisubiri matusi; angeyapokea. Lakini mkewe aliongea taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mimi nikiruka mshono, mtu anajua siku akiinama. Ningekuwa nashona kama unavyosoma, watoto wa shule nzima wangekuwa wanatembea uchi. Nimefunga mdomo siku zote hizi kwa sababu nilisema, huyu mtu ana majeraha, mwache abandike makaratasi yake. Lakini leo nimekutegemea. Mbele ya watu. Na wewe umeniachia nikutegemee."

Mkewe alipoingia ndani kuendelea na sare, Bwana Cheti alibaki pale pale ngazini, jicho moja linaona. Akatoa simu. Akaifungua kozi ya nyuki, somo la kwanza, na kwa mara ya kwanza akaiweka katika mwendo wa kawaida wa binadamu.

Yule mama wa kofia pana alikuwa na sauti nene, ya polepole. Bwana Cheti alishangaa kana kwamba amekutana na mtu mwingine kabisa. Kabla hajafundisha chochote, alisema: "Simamisha video hapa. Nenda kawaangalie nyuki wako. Ukirudi, niambie umeona nini."

Mara ya kwanza, sentensi ile ilimpita kama upepo. Sasa alikuwa na nyuki. Akasimamisha, akaenda, akaichungulia kwa mbali ile spika, ambamo nyuki walikuwa wamesharudi, akarudi.

"Wanaingia na kutoka," akaiambia simu.

"Ukiona wanaingia na kutoka tu, hujaangalia," akasema yule mama, kama aliyekuwa amemsikia. "Wanaorudi wamebeba nini miguuni?"

Akaenda tena. Safari hii alikaa. Ilimchukua muda mpaka jicho lake moja likazoea, akaona: wengine walirudi na vidonge vya njano miguuni, kama wanawake waliotoka sokoni na vikapu viwili viwili. Akarudi mbio kwenye simu. Ule ulikuwa unga wa maua, chakula cha watoto. Na kama wanapeleka chakula cha watoto, basi mle ndani kuna watoto, na kama kuna watoto, kuna malkia anayetaga. Nyuki hawa hawakuwa wapita njia. Walikuwa wamehamia.

Akasikia mwili unamsisimka, na haukuwa uvimbe.

*

Tatizo lilikuwa kwamba jambo likiingia kichwani halikai. Aliangalia somo la moshi, akadhani ameelewa, akajaribu kujieleza mwenyewe, akakuta hana hata sentensi moja iliyokamilika. Ndipo mama yake alipomwita kwenye kiti chake.

"Huo wimbo," akasema, "mbona haubadiliki?"

"Si wimbo, mama. Ni nyuki."

"Nini?"

"NYUKI!"

"Ahaa." Mama yake akaitazama spika kwa heshima mpya, wala hakuondoa mkono. "Wanafanya nini mle?"

Bwana Cheti akamweleza, kwa sauti ya kuuza samaki. Kwamba kuna malkia mmoja, wafanyakazi wengi, madume machache. Mama yake alisikiliza akimtazama midomo, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza kitu ambacho mtihani haukuwahi kuuliza.

"Kwa nini walikukimbiza wewe, mimi wakaniacha?"

"Kwa sababu... moshi..."

"Moshi hata mimi niliuvuta. Kwa nini?"

Hakujua. Akarudi ngazini, akatafuta, akakuta yule mama wa kofia amelieleza vizuri sana, katika somo ambalo yeye wakati ule alikuwa anaongeza chumvi kwenye chakula. Nyuki, alisema, huwachukia wanyama weusi wenye manyoya, kwa kuwa hao ndio wezi wa asali tangu enzi; na moshi wa mafuta huwaunguza, hauwatulizi. Bwana Cheti akasimamisha video. Akajiona na joho lake la sufu. Machoni pa nyuki, alikuwa nyegere aliyehitimu.

Akacheka peke yake mpaka uvimbe ukamuuma, halafu akaenda kumpigia mama yake kelele kuhusu nyegere.

Ikawa ndiyo ratiba ya nyumba ile. Anasoma kidogo, anasimamisha, anakwenda kuangalia, anarudi kumfundisha mama, mama anauliza kwa nini, hajui, anarudi kusoma. Na kwa kuwa mama hakusikia kitu kilichosemwa kwa sauti ya kawaida, mtaa mzima ulisoma pamoja naye. Wateja wa kinyozi walikaa kwa zamu chini ya dirisha. Muuza mboga alijifunza kwamba dume halina mwiba, akawa analisema kwa sababu zake mwenyewe. Ikafika mahali Bwana Cheti akikosea anasahihishwa kutoka nje.

"Siyo hivyo, mkuu!" kinyozi alipaza sauti siku moja. "Jana ulisema mwiba unakwanguliwa kwa pembeni, haubanwi. Ukiubana unajipiga sindano mwenyewe."

"Ni kweli," akasema Bwana Cheti. "Asante." Na mkewe, kwenye kijia chake, aliposikia neno hilo akaacha kukanyaga cherehani ili ahakikishe amesikia sawa. Kisha akakumbuka miiba aliyoibana kwa kucha zake, akajichekea.

Ni yeye mkewe aliyeshona suti nyeupe, kwa shuka mbili za kitandani na kipande cha neti ya dirisha usoni, mikono na miguu ikabanwa kwa elastiki za sketi za shule. Sanduku alilichonga Bwana Cheti mwenyewe kwa mbao za rafu, akalikosea upana, akalibomoa, akalichonga upya. Yule mama wa kofia alikuwa ameeleza kwa nini nafasi kati ya sega na sega si jambo la kukisia. Kisha akafanya mazoezi. Alikata vipande vya mkate, akavifanya ndiyo masega, akavifunga kwenye fremu, zile mbao za kuning'iniza ndani ya sanduku, kwa elastiki, akiwa amevaa glavu, mara ya kwanza vikavunjika vyote. Walikula masega yale kwa chai. Siku iliyofuata mkate ulivunjika kidogo. Alhamisi haukuvunjika.

*

Ijumaa jua lilikuwa limeanza kulegea walipoanza. Watu walikaa ng'ambo ya barabara. Kinyozi alikuwa anawaeleza hatua zinazokuja kama mtangazaji wa mpira. Mama mzee alikataa tena kuondoka, basi wakamfunika na shuka lake mpaka usoni, akabaki anachungulia kama bibi harusi aliyechelewa.

Bwana Cheti aliwasha majani makavu na kipande cha gunia ndani ya kopo lililotobolewa, akajipulizia moshi kwanza kwenye mkono wake mwenyewe. Haukumuunguza. Akapuliza kidogo tundu la spika, akasubiri. Mvumo ukapanda, ukashuka. Akapuliza tena kidogo. Kisha akachukua bisibisi, akaanza kufungua mgongo wa spika, skrubu moja baada ya nyingine.

Mgongo ulipotoka, mkewe, aliyekuwa amejifunika neti yake, alisogea karibu aone. Masega yalikuwa yananing'inia ndani, meupe, yamepangwa kama nguo kwenye kamba, yamepita pembeni ya waya na kuizunguka sumaku. Na juu ya kila kitu walikuwa nyuki, wametanda, wanapumua pamoja.

Akakata la kwanza. Likakaa kiganjani, la moto kuliko alivyotegemea, na zito. Mkate haukuwa umemwambia hivyo. Akalifunga. La pili. La tatu likameguka, akasema "samahani," hajui anamwambia nani. Mkewe alimpa elastiki bila kuombwa. Fremu zikajaa, akawakusanya nyuki waliobaki kwa brashi, akaweka kifuniko, akarudi nyuma.

Nyuki wakaanza kutoka kwenye sanduku, wakirudi kwenye spika.

"Wanarudi!" kinyozi akapiga kelele kutoka ng'ambo.

"Fanya kitu," mkewe akanong'ona. "Jua linazama. Yule mtu anakuja."

Mwenye nyumba kweli alikuwa anakuja, mdomo bado haujarudi mahali pake. Bwana Cheti wa zamani angefanya kitu. Angepuliza moshi zaidi, angepiga spika teke. Huyu alisimama. Akawatazama wanarudi wapi, maana wanakorudi ndiko aliko malkia, mama yao. Hawakuwa wanarudi popote tu. Walikuwa wanakwenda nyuma ya sumaku, kwenye pembe ya giza, wanajikusanya kama ngumi.

"Nahitaji kitu chembamba, kigumu," akasema. "Karatasi ngumu. Haraka."

Mkewe akatazama huku na huku, akanyoosha mkono ukutani, akabandua ya kwanza aliyoifikia.

"Nyambizi hii inafaa?"

"Lete."

Akaiingiza Nyambizi nyuma ya sumaku, taratibu, akaisukuma chini ya lile fundo, akalitoa lote zima kama andazi kwenye kijiko. Na katikati yake, kwa nukta moja tu, akamwona: mrefu, mwekundu kidogo, anatembea bila haraka juu ya muhuri wa dhahabu. Akamtumbukiza ndani ya sanduku, akafunika.

Akasubiri. Kisha kwenye mlango wa sanduku nyuki mmoja akageuka, akainua mkia juu, akaanza kupiga mabawa papo hapo bila kuruka. Akaja wa pili. Wa tatu. Wakawa safu nzima.

"Wanafanya nini?" mkewe akauliza.

"Wanawaita wenzao. Wanasema yuko huku." Akaliweka chini kopo la moshi. "Tazama. Usiniongeleshe, tazama tu."

Na kutoka kwenye spika, juu ya sakafu ya sebule, kupita kati ya miguu ya cherehani, wakaanza kuja kwa kutembea, wengi, kwa mstari mpana, kama watu wanaotoka kazini. Mwenye nyumba alisimama mlangoni akashindwa kuingia na akashindwa kuondoka.

"Wametoka?" akauliza.

"Wanatoka."

Walipokwisha, na sanduku limebebwa nyuma ya nyumba na kuwekwa juu ya matofali, mama mzee aliweka kiganja juu ya spika. Akasubiri. Akapapasa upande mwingine.

"Mmeizima," akasema, na hakuwalaumu, lakini hakula sana siku ile.

*

Bwana Cheti alifanya mtihani wa mwisho kwa mara nyingine, bila kubahatisha hata swali moja. Alipobonyeza kumaliza, ukatokea ujumbe: Umeshahitimu kozi hii. Cheti chako kilishatolewa. Hakuna cheti cha pili. Alimwonyesha mkewe, wakacheka. Kisha akaenda pale chini ambapo wanafunzi huruhusiwa kumwandikia mwalimu, akamjibu lile swali lake la somo la kwanza, umeona nini. Aliandika mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Mwalimu alijibu baada ya siku chache. Hakumpongeza. Aliandika: "Vizuri. Miguu ya sanduku umeiweka ndani ya makopo ya mafuta?"

Bwana Cheti aliisoma akiwa amesimama. Sanduku lake halikuwa na miguu wala makopo, lilikaa juu ya matofali matupu. Somo la sisimizi, kwamba mafuta huwazuia kupanda, aliliangalia, akalielewa, akamfundisha mama yake kwa sauti ya juu, akasema makopo nitayatafuta kesho. Akaenda nyuma ya nyumba. Sisimizi walikuwa wanapanda matofali kwa mstari mwembamba, mweusi, wenye nidhamu. Alifunua sanduku. Masega yalikuwepo, yamefungwa elastiki za sketi. Nyuki hawakuwepo hata mmoja.

Mkewe alimkuta ameketi juu ya ndoo.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Unajua kwa nini?"

"Najua," akasema. Na akamweleza, tangu sisimizi wa kwanza hadi uamuzi wa kundi kuhama, na kosa lote lilikuwa lake, na alilieleza vizuri sana. Mkewe akamwangalia. Alikuwa hajawahi kumsikia anaeleza kitu kilichomshinda bila kutafuta wa kumbebesha. Akavuta ndoo nyingine, akakaa.

Walikuwa bado wamekaa hivyo mwenye nyumba alipoingia kwa mlango wa nyuma, taulo kichwani, kiatu mguu mmoja.

"Wako kwangu," akasema. "Nyumbani kwangu! Njoo. Njoo na cheti chako."

"Wameingia wapi?"

"Juu ya dari. Ya sebule. Mke wangu yuko barabarani na hataki kurudi."

Bwana Cheti akainuka kwenye ndoo.

"Wa ndani ya spika naweza kuwatoa," akasema. "Wa kwenye dari sijui bado."

"Hujui?" Mwenye nyumba akamgeukia mkewe Bwana Cheti kutafuta haki. "Mtu ana muhuri wa dhahabu, anasema hajui!"

"Kasema bado," mkewe akajibu, akaenda kuleta neti.

Sebule ya mwenye nyumba ilikuwa na meza kubwa ya kulia inayong'aa ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kuigusa. Bwana Cheti alivua viatu, akaweka stuli juu yake, akapanda, akaegemeza sikio kwenye mbao za dari. Stuli ikayumba. Mwenye nyumba, ambaye kwa kawaida husimama milangoni, alijikuta amepiga magoti juu ya meza yake mwenyewe, ameikumbatia miguu ya stuli kwa mikono miwili, taulo limemteleza usoni.

"Sasa unafanya nini huko?" akauliza kutoka ndani ya taulo. "Mbona huwatoi?"

"Nyamaza kidogo, mzee," Bwana Cheti akasema. "Nasikiliza wameshikia wapi."